Spidomita ya pikipiki inapopiga kelele: tafuta sauti inakotoka kabla ya kumimina oili

Kelele ya spidomita huanza na mluzi mwembamba. Unausikia asubuhi kukiwa na baridi, kwenye mwendo wa wastani, halafu ukishatembea kidogo unapotea na wewe unausahau. Baada ya muda mluzi unageuka kuwa mlio wa chuma kikavu, mshale unaanza kucheza huku na huku, na mwishowe kitu kinakatika: mshale umelala kwenye sifuri, namba za kilomita zimesimama. Wengi huizoea sauti hiyo hadi siku hiyo ifike. Inasikitisha, kwa sababu tatizo hili likiwahiwa mapema humalizwa kwa kitambaa, grisi kidogo na mchana mmoja wa kazi isiyo na haraka.

Sharti ni moja: ujue sauti inatoka wapi kabla hujashika chupa ya oili. Ganda la kebo hupitisha sauti vizuri mno. Jino lililolika kule chini kwenye gurudumu la mbele linaweza kusikika kana kwamba liko ndani ya mita, mbele ya uso wako. Kwa hiyo mtu anafungua nati ya juu, anamimina oili mpaka tundu lijae, anafunga. Kelele inanyamaza siku mbili tatu, kisha inarudi, na safari hii imekuja na mshale unaoonyesha kasi ya uongo. Mita ambayo ingefanya kazi miaka mingine mingi imeharibiwa kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Katika maelezo haya nitasema "mita" nikimaanisha kile chombo cha juu chenye mshale, "kebo" nikimaanisha ganda pamoja na waya wake wa ndani, na "gia ya mita" nikimaanisha kile kisanduku kidogo kwenye gurudumu la mbele ambamo kebo inachomekwa.

Kwanza hakikisha una spidomita ya kebo

Fuata kwa macho kile kinachotoka chini ya mita. Ukiona ganda jeusi nene lililofungwa kwa nati ya duara na kushuka hadi kwenye gurudumu la mbele, una spidomita ya kebo na maelezo haya ni yako. Pikipiki chache huchukua mzunguko kwenye giaboksi, karibu na sproketi ya mbele, au kwenye gurudumu la nyuma, lakini kanuni ni ileile. Ukiona nyaya nyembamba za umeme tu zinazokwenda kwenye sensa (kihisi cha mwendo), hakuna kitu kinachozunguka kati ya gurudumu na mita. Hapo kelele itafutwe kwenye raba za kushikilia mita, kava la taa ya mbele, breki au beringi. Mita ya umeme ambayo mshale wake hukwea hadi mwisho na kurudi unapowasha swichi, ikitoa mlio mdogo, haina ubovu; inajipima tu.

Kinachozunguka ndani

Gurudumu la mbele likizunguka, pete yenye masikio mawili iliyonasa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) huzungusha gia kubwa. Gia hiyo huzungusha gia ndogo ya skrubu iliyolala upande, nayo huzungusha waya wa ndani wa kebo. Waya huo ni nyuzi za chuma zilizosokotwa tabaka juu ya tabaka, na ncha zake zimebanwa kuwa za pembe nne ili zishike bila kuteleza. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani, na nyingine nyingi zilizofuata mtindo wake, waya huzunguka mara 1,400 kwa kila kilomita. Maana yake ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, waya unazunguka mara 1,400 kwa dakika ndani ya ganda lake. Waya mkavu kwenye mwendo huo hujisaga wenyewe na kulisaga ganda.

Juu kabisa, waya unaingia kwenye ekseli ndogo ya mita inayozunguka ndani ya bushi, yaani kibomba kifupi kinachoishikilia. Ekseli hiyo imebeba sumaku. Karibu na sumaku kuna kikombe chembamba cha alumini ambacho hakigusani nayo hata kidogo. Sumaku inapozunguka huzalisha mkondo wa umeme ndani ya alumini, na mkondo huo hukifanya kikombe kitake kuifuata sumaku. Springi nyembamba sana inakizuia kisiende mbali. Pale nguvu ya sumaku na nguvu ya springi zinapolingana, ndipo mshale unaposimama. Mjerumani Otto Schulze aliuandikishia hataza ubunifu huu mwaka 1902, na mita za mshale za kebo zinatumia kanuni hiyohiyo hadi leo.

Nimeeleza hayo kwa sababu mbili za kazi. Ya kwanza: ndani ya mita, vinavyogusana na vinavyoweza kulia ni vichache, yaani ekseli kwenye bushi yake na gia ndogo za kuhesabu kilomita. Ya pili: ile nafasi kati ya sumaku na kikombe lazima ibaki tupu. Oili au grisi ikifika hapo, kikombe kinavutwa na utelezi wa mafuta badala ya nguvu ya sumaku peke yake, na mshale unapanda juu kupita kasi halisi. Ukikumbuka hilo hutamimina kitu chochote kwenye mita bila kupima.

Isikilize sauti yenyewe

Kabla ya kufungua chochote, endesha taratibu mahali pasipo na magari na usikilize. Sauti ya spidomita hufuata mwendo wa gurudumu, haifuati injini. Shika klachi, acha injini ilale na pikipiki iserereke: sauti ikiendelea na kupungua kadiri pikipiki inavyopunguza mwendo, inatoka kwenye kitu kinachoendeshwa na gurudumu. Ikifa pamoja na injini, acha spidomita na uende ukatafute kwingine.

Mluzi mkali, wa juu, unaozidi wakati wa baridi, mara nyingi ni bushi kavu ya mita. Mlio wa kugonga au kukwaruza unaojirudia kwa mpigo, ukiambatana na mshale unaoruka, mara nyingi ni kebo iliyopinda mahali au iliyokauka. Sauti ya kusaga, nzito, inayotoka chini na ambayo unaihisi hata kwenye shokapu, ni gia ya mita au beringi ya gurudumu. Mtetemo wa plastiki unaotokea kwenye mwendo mmoja tu wa injini ni kioo, kava au raba zilizolegea. Bonyeza mita kwa kiganja pikipiki ikiwa imesimama na injini inaunguruma, ukisikia imenyamaza umepata jibu na huna haja ya kuendelea.

Nasema "mara nyingi" kwa makusudi. Sikio hukupa pa kuanzia tu. Uthibitisho unapatikana kwa kutenganisha.

Kutenganisha hatua kwa hatua

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati na uinue gurudumu la mbele. Kama haina stendi ya kati, weka kigogo imara chini ya injini na umwombe mtu aishikilie. Usifanye kazi hii pikipiki ikiwa imeegemea stendi ya pembeni.

1. Zungusha gurudumu kwa mkono, kuelekea mbele. Sikiliza breki inayogusa, beringi inayokwaruza, tairi linalokwaruza madigadi. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi ni kazi ya kwanza kabla ya spidomita.

2. Fungua nati ya kebo chini ya mita. Kwa kawaida inafunguka kwa vidole; ikiwa imekaza, izungushie kitambaa na utumie koleo kwa upole. Ifungie kebo pembeni, ncha yake isiguse kitu chochote wala isiingie kwenye nafasi ya usukani. Zungusha gurudumu tena, kisha kama unahitaji mwendo zaidi shusha pikipiki uendeshe taratibu umbali mfupi mahali salama. Hutakuwa na kipimo cha kasi, hivyo usitoke barabarani. Sauti ikipotea, mashaka yanahamia juu.

3. Sauti ikibaki, chomoa waya wa ndani wote kutoka kwenye ganda na ujaribu tena. Ikipotea, kebo ndiyo yenye tatizo. Ikibaki hata bila waya, ni gia ya mita au kitu kingine cha gurudumu.

Kuna mtego mmoja katika hatua ya pili ambao huwapotosha hata watu wazoefu. Kebo iliyopinda, au yenye waya mrefu kupita kiasi, inaweza kunyamaza ikifunguliwa juu kwa sababu haina tena kitu cha kusukuma. Kwa hiyo sauti ikipotea baada ya kufungua nati ya juu, bado ikague kebo kabla ya kuihukumu mita. Kazi ya kebo ni rahisi na haina hatari. Kazi ya mita ni ya taratibu na inaweza kuharibika.

Kazi ya kebo

Hapa ndipo penye matatizo mengi, na hapa ndipo ningetumia muda wangu.

Piga picha njia ambayo kebo inapita kabla ya kuitoa: ilivyopita kwenye kishikilio cha shokapu, upande gani wa usukani, mbele au nyuma ya nyaya nyingine. Kisha fungua chini. Kwenye pikipiki nyingine kuna nati, kwenye nyingine kuna skrubu moja ndogo ya pembeni inayoibana ncha ya kebo. Chomoa waya wa ndani polepole. Nyingi hutokea upande mmoja tu, kwa sababu upande mwingine una wosha ndogo (kipete bapa) au pete inayouzuia. Waya ukigoma kutoka juu, jaribu chini. Wosha hiyo usiipoteze. Inauzuia waya usipande juu na kuisukuma mita.

Pangusa waya kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka uone chuma kisafi. Sasa ukague kwa vidole na macho. Uzi uliokatika unachoma kidole. Kutu hukwaruza. Sehemu inayong'aa kuliko nyingine imekuwa ikisuguana na ganda kwenye kona kali. Ncha za pembe nne zilizoanza kuwa za duara haziwezi kurudishwa. Kisha laza waya juu ya kioo au meza iliyonyooka na uuviringishe kwa kiganja. Waya mzuri unabingirika bila kuruka. Uliopinda unaruka kila ukifika kwenye kona yake. Jaribio la pili ni kushika ncha mbili, kuuacha waya uning'inie kwa umbo la U, na kuzungusha ncha moja taratibu kwa vidole. Ncha ya pili inatakiwa kufuata kwa ulaini. Ikisita kisha ikaruka ghafla, umeona kwa macho kile kinachoutikisa mshale.

Waya uliopinda, uliokatika uzi au ulioviringika ncha haunyooshwi. Badilisha. Hata ukiunyoosha ukaonekana sawa, nyuzi za ndani zimeshalegea pale zilipopinda.

Ganda nalo lina siri zake. Lipitishe mikononi lote: tafuta mahali palipobanwa, palipoyeyuka kwa joto la injini au ekzosi, palipochunika plastiki hadi chuma kikaonekana na maji yakawa yanaingia. Mimina mafuta ya taa upande mmoja huku ukilikinga kwa chombo upande wa pili, rudia mpaka yatoke masafi, kisha lining'inize wima likauke kabisa. Mafuta ya taa yakibaki ndani yataiyeyusha grisi mpya na kuiteremsha yote kwenye gia ya mita.

Sasa grisi. Tumia grisi laini, ile inayopakika kwa kidole bila kuvutana. Grisi nzito ya beringi za magurudumu huganda wakati wa baridi na kuufanya mshale usitesite. Mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu si badala ya grisi. Yanasafisha, yanakauka, na kuacha waya mkavu kuliko mwanzo. Chukua kiasi kidogo kwenye vidole na uupitishe waya, ubaki na utando mwembamba tu usiodondoka. Anzia chini na uishie sentimita 15 hivi kabla ya ncha ya juu. Sehemu hiyo ya juu iache ikiwa imepanguswa tu.

Sababu ya kuacha juu pakavu iko kwenye umbo la waya wenyewe. Nyuzi zilizosokotwa zina mifereji ya mzunguko, na waya ukizunguka mifereji hiyo inaweza kuisafirisha grisi kidogo kidogo kuelekea juu. Grisi nyingi mwishoni huingia kwenye mita, na tayari unajua inachofanya ikifika kwenye kikombe cha alumini. Juu hapatabaki pakavu kwa muda mrefu. Utando utafika wenyewe kwa kiasi kinachotosha.

Kuna kebo ambazo waya wake hautoki kwa sababu ncha zote mbili zimebanwa kiwandani. Hiyo unaweza kuining'iniza wima na kudondoshea oili nyepesi upande wa chini ukiwa umeugeuza juu, ukizungusha waya kwa vidole hadi uhisi umelainika, kisha uache ichuruzike usiku mzima. Binafsi, kebo ya aina hiyo ikishaanza kulia naibadilisha. Hakuna namna ya kuona kilichomo ndani.

Kabla ya kufunga, pima urefu wa ncha ya juu. Ingiza waya, uhakikishe umekaa chini kabisa kwenye gia ya mita, halafu tazama kiasi kinachochomoza juu kupita mwisho wa ganda: takriban sentimita moja. Ukichomoza zaidi sana, waya utaikandamiza ekseli ya mita kila nati inapokazwa, na hiyo peke yake ni chanzo cha kelele na cha bushi kuliwa. Ukichomoza kidogo mno, utateleza na kuziviringisha ncha zako mpya. Ukinunua kebo mpya, ilinganishe na ya zamani kwa urefu wa ganda, urefu wa ncha na aina ya nati za pande zote mbili kabla ya kuondoka nayo.

Unapochomeka, zungusha gurudumu taratibu mpaka uhisi pembe nne imekaa, ndipo ufunge nati ya chini. Nati ya juu inatakiwa kufika mwisho kwa vidole. Ikigoma katikati usiilazimishe kwa koleo: pembe nne haijaingia, rudi uzungushe gurudumu kidogo. Irudishe kebo kwenye njia yake ya zamani kwa kufuata picha, na hakikisha hakuna kona yenye nusu kipenyo chini ya sentimita 15. Geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia, kisha bonyeza shokapu za mbele kwa uzito wako. Kebo isivutike, isibanwe, isikunjike. Kamba ya plastiki iliyokazwa sana kwenye kona inatosha kuleta kelele kwenye kebo mpya kabisa. Iache kebo icheze kidogo ndani ya kamba.

Gia ya mita

Kama kelele ilianza mara tu baada ya kuziba pancha au kubadilisha tairi la mbele, anzia hapa, hata kabla ya kebo. Aliyerudisha gurudumu huenda hakuyapanga yale masikio mawili na nafasi zake kwenye habu. Ekseli ya gurudumu ikikazwa hivyo, masikio yanakandamizwa, pete inapinda, na gia inasaga kila mzunguko.

Toa gurudumu la mbele. Kwenye breki ya diski, weka kipande cha mbao kati ya pedi na usibonyeze breki gurudumu likiwa nje, maana pedi zitafunga. Kwenye breki ya ngoma, gia ya mita kwa kawaida imejengwa ndani ya sahani ya viatu vya breki. Vumbi lililomo usilipulize, lifute kwa kitambaa chenye unyevu. Angalia spesa (vibomba vya kuacha nafasi kwenye ekseli) zilikaa upande gani na kwa mpangilio gani, kwa sababu spesa iliyohamia upande mwingine inaleta kelele ya kwake.

Toa grisi yote ya zamani. Ikiwa imegeuka kuwa tope jeusi lenye chembe zinazometa, chuma kimekuwa kikiliwa. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia na sili (mpira wa kuzuia maji) imechoka. Kagua masikio ya pete, meno ya gia kubwa, na skrubu ya gia ndogo. Gia nyingi kubwa ni za plastiki, na jino moja lililolika huonekana wazi likilinganishwa na jirani yake. Zungusha kwa kidole ukiwa umeingiza kipande cha waya wa zamani kwenye tundu la kebo: unatakiwa uhisi mzunguko laini, wa uzito uleule mwanzo hadi mwisho. Ikikwama mahali, gia ndogo au bushi yake imekwisha, na kwa kawaida hununuliwa kisanduku kizima.

Paka grisi ya lithiamu ya kawaida kwenye meno, kiasi cha kufunika, si cha kujaza. Kwenye breki ya ngoma grisi ya ziada itatupwa kwenye viatu, na gurudumu la mbele lisiloshika breki ni hatari kubwa kuliko kelele yoyote. Badilisha sili ikiwa imepasuka au imekuwa ngumu.

Wakati wa kurudisha, panga masikio na nafasi za habu kwa macho, kisha sukuma gia ya mita mpaka ikae bapa bila kuacha mwanya. Kisha tafuta kile kizuizi kwenye mguu wa shokapu ambacho kinaizuia gia isizunguke pamoja na gurudumu. Lazima kinase mahali pake, na tundu la kebo lielekee kule kebo inakotokea bila kona kali. Kaza ekseli kwa nguvu inayotajwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Zungusha gurudumu: tundu la kebo likitazamwa kwa ndani, ile pembe nne inapaswa kuzunguka. Bonyeza breki mara kadhaa mpaka mkono wake uwe mgumu kama kawaida kabla hujasogeza pikipiki hata hatua moja.

Mita, ikibidi

Ukifika hapa, kebo ni safi, gia ni safi, na mluzi bado upo ukifunga juu. Toa mita kwenye pikipiki ukizima kwanza swichi na kuchomoa soketi za taa zake ndogo. Andika kilomita zilizosomeka.

Tazama chini ya mita, pale inapofungwa nati ya kebo, na tundu la ekseli. Likiwa limejaa grisi nyeusi, iondoe kwa kijiti na kitambaa, usiipulize ndani. Kisha chukua oili nyepesi, kama ile ya cherehani, na uidondoshe pale ekseli inapoingia kwenye bushi, mita ikiwa imepinduliwa chini juu. Tone moja. Baadhi ya mita zina kitundu kidogo pembeni ya shingo chenye kipande cha raba au sufu. Hicho kipo kwa ajili hiyo hasa, na tone liende hapo. Zungusha ekseli kwa kipande cha waya wa zamani kati ya vidole, subiri dakika chache, ongeza tone la pili kama bado ni kavu, kisha ishia hapo. Pangusa kilichobaki, uigeuze mita isimame kama inavyokaa kwenye pikipiki, na uiache hivyo usiku kucha juu ya kitambaa ili ziada ichuruzike ishuke badala ya kupanda kwenye sumaku.

Kuijaribu mezani, funga kipande cha waya wa zamani, kama sentimita 15, kwenye drili ya mwendo unaodhibitika. Kabla ya hapo zungusha gurudumu la pikipiki kuelekea mbele na utazame ncha ya juu ya kebo inazunguka upande gani. Drili izungushe waya upande huohuo. Ukigeuza upande, mshale utajikandamiza kwenye kizuizi cha sifuri na springi inaweza kuharibika. Anza polepole sana na upandishe kidogo kidogo. Mita ya mizunguko 1,400 inatakiwa kusoma karibu 60 drili ikiwa kwenye mizunguko 1,400 kwa dakika. Drili nyingi zinaweza kupita hapo kwa mbali, kwa hiyo usibonyeze hadi mwisho.

Kufungua mita yenyewe ni suala jingine. Za plastiki zenye skrubu hufunguka, na ndani unaweza kuona gia za kilomita zilizokosa jino au vumbi lililojaa. Za chuma zenye ukingo uliokunjwa mara nyingi huharibika mwonekano zikifunguliwa, na maji yataanza kuingia. Ukifungua, usivute mshale, usiguse springi, usisogeze bisibisi yenye sumaku karibu na kikombe, na usipulizie kitu chochote kwenye uso wenye namba kwa sababu rangi yake hutoka. Bushi iliyolika hadi ekseli inacheza pembeni haitaponywa na oili.

Kusubiri katika hali hiyo kuna gharama. Ekseli ikikwama kabisa kwenye bushi, gurudumu haliachi kuzunguka: kitakachovunjika ni waya, au meno ya gia ya mita, au vyote viwili. Kama umeamua kubadilisha mita baadaye, fungua kebo juu na chini leo, uitoe kabisa na uzibe tundu la gia ya mita lisiingize maji. Kumbuka tu kwamba bila mita unaendesha kwa kukisia, na sehemu nyingi sheria haziruhusu pikipiki itembee barabarani hivyo.

Mita mpya ichaguliwe kwa mzunguko wake, si kwa sura. Kwenye uso au nyuma yake mara nyingi kumeandikwa 1:1000 au 1:1400, yaani idadi ya mizunguko kwa kilomita. Ukiweka ya 1:1000 kwenye pikipiki iliyotengenezewa 1:1400, mshale utasoma 84 ukiwa kwenye 60, na kilomita zitahesabiwa kwa kasi hiyohiyo ya uongo. Ukishaifunga, andika kwenye daftari la matengenezo tarehe, kilomita za mita ya zamani na kilomita ambazo mpya imeanzia, ili ratiba ya kubadilisha oili ya injini isivurugike na atakayeinunua pikipiki siku moja ajue imetembea kiasi gani.